Kikuku cha Senkondo

Hapo zamani, wakati vilima vya Upare vilikuwa havijakatwa barabara hata moja, palikuwa na mhunzi akiitwa Senkondo. Nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wa hadithi hii si wangu, ni wenu. Nitawaletea watu wanne na kisu kimoja, nanyi mtaniambia kisu kiende kwa nani.

Senkondo alikaa Mbaghoni, kijiji cha juu kabisa, ambako ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi. Alikuwa fundi hasa. Jembe alilolifua yeye, mama alimwachia binti yake. Alikuwa mtu wa kucheka peke yake akiwa kazini, na mtu wa kusahau kula. Hakuwa na mke. Dada yake mkubwa, Nambike, ndiye aliyempelekea chakula kiwandani, akasimama pale mikono kiunoni mpaka aone bakuli limekwisha.

"Dada, nimeshiba."

"Bakuli halijashiba. Kula."

Ndivyo walivyoishi.

Basi mwaka mmoja, kiangazi kikali, Senkondo aliacha kulala. Siku ya kwanza watu walisema ana kazi nyingi. Siku ya tatu walisema ana mawazo. Siku ya sita wakamkuta anakiuliza chuma maswali na kusubiri majibu. Na katika masikio yake, chuma kilijibu. Kilimwambia kwamba darini kwa jirani yake Nakiete amejificha chui wa chuma, na siku hiyohiyo chui atashuka awale watoto wote wa Mbaghoni.

Jua likiwa utosini, watu wakimtazama, Senkondo alichukua kijinga cha moto kutoka kiwandani, akavuka uchochoro, akakitupa juu ya paa la nyasi la Nakiete.

Nakiete alikuwa mjane, msusi wa vikapu. Wakati ule alikuwa mferejini analoweka ukindu. Ndani ya nyumba alilala mama yake mzazi, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Nakiete aliona moshi, akatupa ukindu, akakimbia, akaingia katika moto ule, akatoka amembeba mama yake mgongoni. Mama alipona. Nyumba haikupona. Na ile mikono ya Nakiete, iliyokuwa ikisuka vikapu vya kuchotea maji visivuje hata tone, iliungua. Ilipokuja kupona, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana, havifunguki.

Na Senkondo je? Alikuwa amesimama nje, machozi ya furaha yanamtoka, akiwaambia watu, "Msiogope tena! Amekufa! Watoto wamepona!"

Wakamkamata, wakampeleka mbele ya baraza.

Mkuu wa baraza alikuwa Jumbe Kajiru, mtu mnene, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Wengi walikuja na hasira. Wengine walikuwa wameshasema njiani kwamba afukuzwe, akaishi nyikani na wanyama.

"Senkondo," Jumbe akauliza, "nyumba ya Nakiete uliichoma wewe?"

"Niliichoma, Jumbe."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na chui ndani."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Alikuwa anakoroma." Senkondo akawatazama watu wote, mmoja mmoja. "Jumbe, mbona hakuna anayenishukuru?"

Hapo wale waliokuja na hasira wakaanza kutazama chini.

Jumbe akamgeukia Nakiete, aliyekaa pembeni na mikono iliyofungwa majani ya mgomba. "Mama, mlikuwa na ugomvi na huyu?"

"Hatukuwa na ugomvi, Jumbe. Ni jirani yangu. Heri tungekuwa na ugomvi, ningejua hasira yangu niiweke wapi."

Akaitwa mganga wa mizizi, naye akasema kwamba ugonjwa ule anaujua. Ni ugonjwa wa kichwa, unakuja na kuondoka. Dawa ipo, ni chungu, inanywewa kila siku, na hakuna siku ya kusema imetosha.

Jumbe akamwashiria mganga akae. Kisha akasema, "Mkono ulitenda, lakini mwenye mkono hakuwepo. Baraza hili halimtii mtu hatiani kwa jambo lililotendeka akili yake ikiwa haipo. Senkondo hana hatia."

Watu wakanung'unika.

"Sijamaliza. Hana hatia, lakini ni mgonjwa, na ugonjwa wake una moto. Kwa hiyo hatutamfukuza, hatutamfunga, wala hatutamwacha hivi hivi. Atakaa chini ya macho ya baraza."

Akaleta kikuku cha ngozi, akamvisha Senkondo mkono wa kushoto, kikashonwa hapohapo kisivuke kiganja. Na masharti yakatajwa. Senkondo atakaa nyumbani kwa dada yake. Atakunywa dawa kila asubuhi. Kila siku ya saba atakaguliwa na Mrutu, tarishi wa baraza. Na moto hataugusa mpaka Nakiete mwenyewe, aliyeunguzwa na moto ule, aseme kwa kinywa chake kwamba sasa auguse.

"Miezi kumi na miwili ya utulivu, kikuku kitakatwa," Jumbe akasema. "Ugonjwa ukizuka katikati, tunahesabu upya. Na siku ya kukikata, atakikata mtu mmoja tu. Huyo ndiye atakuwa mtu wa Senkondo. Ugonjwa ukirudi mwaka wowote ule, tutamwita yeye kwanza, na neno lake juu ya Senkondo litasikilizwa kabla ya neno la mtu mwingine. Ni heshima, na ni mzigo. Haya, nendeni."

Sasa mwangalieni Nambike.

Nambike alikuwa amechumbiwa na mwanamume wa bonde la pili. Mahari ilikuwa imeshapokelewa, ilibaki kuhama. Akapeleka ujumbe: nisubiri, nina mgonjwa. Yule mwanamume alisubiri mvua moja, akasubiri mvua ya pili, halafu akaoa kwingine. Nambike alipopata habari alikuwa anatwanga, akaendelea kutwanga.

Kila asubuhi alichemsha ile mizizi, akamimina kwenye kibuyu, akamwita ndugu yake.

"Njoo unywe."

"Dada, hii dawa ina ladha ya jasho la punda."

"Punda gani umemlamba?"

Na kila asubuhi Nambike alikunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, akakunja uso, akatoa ulimi, ndipo akampa Senkondo, naye akanywa, akakunja uso vilevile. Majirani waliopita walicheka kuwaona, dada na kaka wakikunjiana nyuso mlangoni. Hakuwa anaumwa chochote, Nambike. Alikunywa dawa ya mwendawazimu kila siku ili mwendawazimu asiinywe peke yake.

Sasa mwangalieni Mrutu.

Mrutu alikuwa mrefu, mkavu, na goti lake moja lilikuwa bovu. Nyumba yake ilikuwa chini bondeni na ya Nambike ilikuwa kileleni. Kila siku ya saba alipanda kilima kile akiburuta mguu, mvua inyeshe, jua liwake. Akifika alipiga hodi, akakaa, akauliza maswali yaleyale manne.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia goti lako likija, Mzee Mrutu. Linasikika toka mferejini."

Mwanzoni Senkondo alimchukia. Mwezi wa tatu alianza kumwekea kigoda mlangoni kabla hajafika. Mwezi wa tano wakawa wanacheza bao baada ya maswali, na Mrutu, ambaye hakujua kudanganya katika jambo lolote, alikuwa akisema kwa sauti mapema kete anayokusudia kuicheza, kwa hiyo akashindwa kila mara.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa Senkondo alijiona mzima. Akajiuliza, mtu mzima anywe dawa ya nini? Nambike akimpa kibuyu alijaza kinywa, akazunguka nyuma ya nyumba, akatema kwenye shina la mgomba. Wiki mbili. Usingizi ukaanza kupungua. Siku moja Nambike alitoka shambani akamkuta amechuchumaa mbele ya jembe lililoegemezwa ukutani.

"Unaongea na nani?"

"Linasema lina kiu," Senkondo akajibu.

Nambike aliliondoa jembe, akalificha nyuma ya nyumba. Ilibaki miezi mitatu tu. Kesho yake ilikuwa siku ya saba.

Mrutu akaja. Nambike alimzuia mlangoni. "Shikamoo, Mzee Mrutu. Amelala vizuri, amekula vizuri, amekunywa dawa. Leo amechoka, amejinyoosha ndani."

"Nataka kumwona."

Akamwona. Senkondo alitikisa kichwa na kuitikia kila swali, kama alivyofundishwa na dada yake asubuhi ile. Mrutu akamtazama machoni, akamtazama Nambike, akashuka kilima.

Nambike alifunga mlango. Alikaa na ndugu yake siku tano, akamnywesha dawa funda kwa funda kama mtoto, akamwimbia, akamshika mikono alipotaka kutoka. Siku ya sita Senkondo alilala tangu adhuhuri mpaka adhuhuri ya pili, akaamka akauliza, "Kuna chakula?" Alikuwa amerudi.

Lakini Mrutu alikuwa ameshafika barazani. "Jumbe," alisema, "dada yake anasema amelala. Macho yake yanasema hajalala. Mimi naona ugonjwa umezuka." Aliyasema hayo akiwa ameinamisha kichwa. Na Jumbe akasema, hesabu inaanza upya. Miezi kumi na miwili mingine.

Nambike alimwendea Mrutu hadi kwake. "Ulikula kwangu. Ulikunywa maji yangu. Miezi mitatu, Mzee Mrutu! Miezi mitatu ungeweza kufumba macho!"

"Ningefumba, binti yangu," Mrutu akasema. "Na siku moja kabla ya kikuku kukatwa, nyumba nyingine ingeungua. Halafu hakuna baraza ambalo lingemwita tena mgonjwa. Lingemwita mchomaji."

Nambike hakutaka kusikia. Miezi mitatu mizima Mrutu alipanda kilima kile akakuta hakuna kigoda, hakuna maji ya kunywa, hakuna wa kumwambia karibu. Alikaa chini, juu ya majani, akanyoosha goti lake, akauliza maswali yake manne. Hakukosa siku hata moja. Mwezi wa nne Senkondo mwenyewe ndiye aliyetoka na kigoda. Dada yake aliona. Baada ya kitambo akaleta maji.

Sasa mwangalieni Nakiete.

Mwaka mzima na zaidi Nakiete hakukanyaga uwanja wa Nambike. Wanakijiji walikuwa wamemjengea nyumba nyingine, lakini kila jioni jiko hakuliwasha yeye; alilisogeza kitandani, mama yake akaliwasha akiwa amelala palepale. Vikapu hakusuka tena. Basi asubuhi moja ya mwaka wa pili akasimama mlangoni kwa Nambike na jembe lililovunjika.

"Hodi humu."

Senkondo alimwona, akataka kukimbilia ndani.

"Usikimbie. Jembe langu limekatika. Nataka jembe."

"Dada Nakiete, mimi siruhusiwi moto."

"Nani anaruhusu?"

Senkondo alijua nani anaruhusu.

"Mikono yangu haisuki," Nakiete akasema, "na mikono yako, mizima, imekaa tu. Nyumba mbili jirani hazina kazi. Hiyo ni hasara kubwa mno kwa uchochoro mmoja. Twende."

Akapita kwa Jumbe akalisema neno lile kwa kinywa chake, kisha wakaenda kiwandani, mahali ambapo palikuwa pameota nyasi. Mkaa ulipowaka Nakiete alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akasogea, akakaa kwenye mvukuto wa kupulizia moto, na kwa kuwa vidole havikushika, aliusukuma kwa kiwiko. Akaja kesho, akaja kesho kutwa, akaja kila siku ambayo moto uliwashwa, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba moto ule hautawaka yeye asipokuwepo.

Jembe lilipokwisha, Senkondo alifua kitu kingine bila kuulizwa. Ilikuwa sindano ya kusukia yenye pete nene, pete inayoingia kwenye vile vidole viwili vilivyoshikana ikakaa sawa. Alifua pete ile mara saba kabla haijamtosha. Kikapu cha kwanza Nakiete alichosuka kilikuwa kimepinda upande. Alikitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Tuje sasa kwa Senkondo mwenyewe.

Zilibaki siku kumi na mbili kikuku kikatwe. Joto lilikuwa kali tena kama mwaka ule. Senkondo alikuwa anakunywa dawa yake bila kutema hata tone, lakini dawa huwa inashindwa siku nyingine, mganga alishasema. Nambike alikuwa amelala na homa. Nakiete alikuwa ametoka kidogo kumgeuza mama yake. Senkondo akiwa peke yake kiwandani, moto umefukiwa majivu, chuma kikamwita jina.

Alijifanya hakusikia. Kikamwita tena.

Fikirini alichofikiri. Siku kumi na mbili. Hakuna aliyejua. Dada mgonjwa, Mrutu angekuja baada ya siku nne, na maswali manne Senkondo alishajua kuyajibu hata usingizini. Angenyamaza tu.

Senkondo alimwaga mtungi mzima wa maji juu ya mkaa. Akachukua nyundo na koleo, akateremka kilima mchana ule hadi nyumbani kwa Mrutu, akaviweka miguuni pake.

"Mzee Mrutu, nimelala. Nimekula. Nimekunywa dawa. Lakini nimesikia. Nifungie."

Mrutu alimshika bega, akampeleka kwenye chumba cha baraza, akaingia naye. Mganga akaongeza dawa. Siku kumi na nane Senkondo alikaa mle, nyingine analia, nyingine anabishana na ukuta, na siku ya kumi na tisa akatoka ametulia, amekonda.

Baraza likaitwa. Wengine wakasema, ugonjwa umezuka, hesabu mpya! Jumbe Kajiru akakataa. "Tulitaka kujua kama ugonjwa huu unaweza kulindwa," alisema. "Safari hii umelindwa na mgonjwa mwenyewe. Kikuku kinakatwa leo. Nani anakikata?"

Nambike akasimama, bado mdhaifu kwa homa. "Mimi. Nilikunywa dawa yake pamoja naye asubuhi zote hizi. Ndoa yangu iliondoka, sikuifuata. Ndiyo, nilidanganya baraza, na leo nasema mbele yenu nilidanganya. Lakini zile siku tano nani alikuwa ameushikilia mlango? Ugonjwa ukirudi, mtamwita nani kama si dada?"

Mrutu hakusimama mpaka Jumbe alipomtaja. "Mimi sina la kujisifia," alisema. "Nilikuwa nauliza tu. Lakini kama mnamtafuta mtu ambaye neno lake juu ya Senkondo litasikilizwa kwanza, basi awe mtu asiyesema uongo hata akimpenda. Nami nampenda." Akakaa haraka, ameona haya.

Nakiete akainua mkono wake wenye pete. "Wote hawa walimtazama kama mgonjwa. Nani alimrudisha kuwa mhunzi? Mimi ndiye niliyeungua. Mngeniuliza wakati ule, ningesema afukuzwe. Lakini nilikwenda nikakaa mbele ya moto wake, kiwiko hiki kikaota sugu. Kama mimi simwogopi, nani atamwogopa? Nipeni kisu."

Jumbe akamgeukia mwenye kikuku. "Nawe, Senkondo?"

Senkondo alikitazama mkononi mwake. "Nawapenda hawa watatu kiasi kwamba siwezi kumtaja mmoja. Lakini Jumbe, siku ile kiwandani hapakuwa na dada, hapakuwa na Mzee Mrutu, hapakuwa na Nakiete. Nilikuwepo mimi. Safari ya kwanza mlisema sikuwepo, na kweli sikuwepo. Safari hii nilikuwepo. Naomba nijikatie mwenyewe."

"Na ugonjwa ukirudi usiwepo tena?" Nambike akamwuliza, taratibu.

Senkondo akamtazama dada yake, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya wote.

Jumbe Kajiru akachomoa kisu, akakiweka juu ya mkeka katikati yao, akasema baraza litafakari. Walibishana mpaka ng'ombe wakarudi malishoni, na waliokuja na hasira mwaka ule ndio waliobisha zaidi.

Mimi nilipokuwa msichana nilikuwa namtaja Nambike bila hata kufikiri. Nikaja kuolewa, nikauguza wangu, nikabadili jibu. Mwaka jana nimelibadili tena, na sitawaambia limekuwa nani, maana mtanifuata mimi badala ya kufikiri wenyewe.

Dada aliyekunywa uchungu pamoja naye na kumdanganyia. Tarishi aliyempenda na bado akasema kweli. Jirani aliyeungua na kurudi motoni. Au mgonjwa aliyejisaliti mwenyewe ili asimwumize mtu. Kisu kipo juu ya mkeka, na Senkondo amenyoosha mkono wake wa kushoto, anasubiri.

Je, nani alistahili kukishika?